Kunguru weusi wanne na daftari langu la baridi

Mwanzoni niliandika neno moja tu kwenye daftari: kunguru. Uingereza kuna wanne wa kawaida ambao kwa mbali ni weusi tii, nami nikang'ang'ania rangi. Desemba yote ikaenda bure.

Aliyenifungua macho ni mdogo wao, Corvus monedula, wa sentimita 33 hivi. Kisogo chake ni cha kijivu, na jicho jeupe kama ushanga. Akiruka huita "chak!", fupi na kali, nami nikajifunza kusikiliza kabla ya kuinua darubini. Mkubwa wao, Corvus corax, hukoroma kwa sauti nzito, na akipita juu mkia wake una umbo la kabari. Huyo hana mjadala.

Wawili waliobaki, Corvus frugilegus na Corvus corone, ndio walionitoa jasho kwenye baridi, maana wanalingana kimo. Frugilegus aliyekomaa ana ngozi tupu ya kijivujivu kwenye shina la mdomo, utosi uliochongoka, na manyoya ya mapajani yaliyopwaya kama kaptula ya kuazima. Corone uso wake umefunikwa manyoya na utosi ni bapa. Januari nikamwona mmoja mwenye uso mweusi akichokoa udongo shambani, nikaandika "corone" bila wasiwasi. Kumbe frugilegus mchanga huwa bado na manyoya usoni katika baridi yake ya kwanza! Kilichomuumbua ni ile kaptula, na mdomo mwembamba wenye ncha kali. Nikafuta.

Kuwakaribia nako ni kazi. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kila niliposhuka garini walitawanyika. Nikaamua kubaki ndani, kioo kimeshushwa, vidole vimekufa ganzi.

Mwishoni mwa Februari viota vikanisaidia kuliko nyuso. Frugilegus walirudi kwa kundi kwenye vilele vya miti ileile, wakikarabati viota vya zamani na kuibiana vijiti mchana kweupe. Corone wao ni mume na mke tu, mti wao peke yao, na jirani akisogea anatimuliwa. Miti ilikuwa bado uchi, kwa hiyo nilihesabu bila shida: viota 15 vya frugilegus, kimoja cha corone.

Kisha Aprili majani yakachipua, nikabaki na masikio tu.