Bomba lilivuja siku 19 na mtaa mzima tulikuwa tunaliona

Nimekaa na hii story wiki kadhaa sasa nikaona bora niiandike kabla haijapoa, maana imenibadilisha jinsi ninavyoishi na majirani zangu na pia jinsi ninavyoziangalia hizi ofisi zinazotuhudumia.

Mtaani kwetu bomba la maji la barabarani lilitoboka. Halikupasuka kwa kishindo, lilianza kama unyevu tu pembeni ya njia, udongo ukawa mweusi mahali pamoja, kesho yake kikawa kidimbwi, siku ya nne watoto wanakiruka wakienda shule na wengine wanarusha mawe waone maji yanavyotapanyika. Mi nimepita pale kila asubuhi na kila jioni, na kila nikipita nasema moyoni jamani hawa watu wa maji vipi, mbona hawaji kutengeneza. Siku 19. Na ndani ya hizo siku 19 haikunijia hata mara moja kujiuliza, ni nani kawaambia?

Aliyetuamsha ni mama mmoja anakaa ghorofa ya chini kwenye jengo letu, ni mtu wa watu, anajua kila mtoto wa mtaa ni wa nani na analala saa ngapi. Mwanae alianza kuharisha Jumatatu. Jumatano akasikia na wa jirani. Wengi wetu tungesema ah ni tumbo tu limechafuka, yeye akajifunga kanga yake akaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine, hodi, hapa kwenu kuna mtoto anaumwa tumbo? Akifika kwangu alikuwa tayari ana nyumba sita kichwani, na zote zilikuwa upande wetu wa barabara. Upande wa pili, wanaochota kwenye laini nyingine, hakuna hata mmoja.

Hapo ndo akaitwa mzee mmoja fundi bomba mstaafu, anakaa mwisho wa mtaa, amefanya kazi ya mabomba maisha yake yote. Akaja taratibu na fimbo yake, akainama pale kwenye kidimbwi akakiangalia kwa muda, akauliza swali moja tu, maji kwenu yanakatwa? Tukamwambia ndio mzee, tunapata kwa zamu. Akatikisa kichwa.

Alichotueleza sijawahi kukisikia popote. Maji yakiwa yanatoka bomba lina presha, kwahiyo tundu linatema maji nje, hayo ndo tunayoyaona. Ila zamu ikiisha maji yakakatwa presha inakufa, bomba linabaki nusu tupu na linavuta, basi kile kidimbwi chote na kila kilichomo kinarudi ndani kwa tundu lile lile. Siku maji yakifunguliwa tena yanausukuma ule uchafu mpaka kwenye mabomba ya nyumba zetu. Yaani siku zote hizo tulikuwa tunalalamika maji yanapotea bure njiani, kumbe hasara kubwa zaidi ilikuwa inakuja mezani kwetu ndani ya jagi.

Vijana wakachimba kamfereji kadogo, wakakunja kipande cha bati wakakiweka kama mdomo, wakatega ndoo ya lita 20. Nilishika simu mimi mwenyewe kuhesabu muda. Dakika mbili ndoo imejaa. Piga hesabu, saa moja ni ndoo 30, maji yakitoka siku nzima ni ndoo 720, lita 14,400. Na mzee akasema hapo mnapima mchana watu wakiwa wanachota, usiku mabomba ya majumbani yakifungwa presha inapanda na tundu linatema zaidi, ndo maana mtu akitafuta bomba linalovuja anatoka usiku wa manane mtaa ukiwa kimya anasikiliza. Kuna mama mmoja pale alikuwa na mtoto mgongoni, aliposikia 720 akakaa chini kwenye ukingo wa barabara hakusema kitu.

Tukapiga simu ofisi ya maji, tukaweka sauti kubwa wote tusikie. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana, akauliza mtaa, akatafuta kwenye kompyuta yake, halafu akasema, samahani, hii ndiyo taarifa ya kwanza tunaipokea kutoka huko.

Ya kwanza! Siku 19, nyumba zaidi ya 40. Watu tuliangaliana. Kila mmoja alijua kwa uhakika kabisa kwamba mwenzake kashapiga. Jirani yangu aliye karibu kabisa na lile tundu, mlango wake na kidimbwi ni hatua tano, alidhani mimi nimepiga kwa sababu mimi ndo naonekana naandika andika mambo.

Nilirudi nyumbani nikakumbuka kitu nilichosoma zamani. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliwaweka wanafunzi kila mmoja chumba chake wakiongea kwa spika, halafu ikasikika sauti ya mwenzao mmoja anapata kifafa anaomba msaada (ilikuwa rekodi, wao hawakujua). Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kwenda kusaidia kabla sauti haijakatika. Waliodhani kuna wengine wanne wanasikia, asilimia 31 tu. Sio kwamba wale wa pili walikuwa na roho mbaya, wengi walikuwa wanatetemeka kabisa, ila kila mmoja alimwachia mwenzake. Nikasema hii ndo sisi na bomba letu.

Yule dada wa simu alitufundisha kitu kimoja nataka mkishike. Mtaa wetu nyumba nyingi hazina namba, ukisema pale kwenye mti karibu na ukuta wa bluu fundi atazunguka mpaka jioni. Akasema soma namba ya mita iliyo karibu zaidi na tundu, ile iko kwenye mfumo wao na inawaambia laini gani na valvu gani ya kufunga. Halafu omba namba ya taarifa. Ukiwa na namba ya taarifa unapiga tena kesho bila kuanza stori upya na yeyote atakayepokea anaona umeshapiga lini. Tukaandika vyote kwenye kipande cha boksi.

Mafundi walikuja kesho yake usiku, watatu, wakachimba kwa taa ya kichwani. Nilikuwepo. Bomba lenyewe ni la chuma la zamani, limeota kutu kama magamba, na tundu ambalo lilitusumbua hivyo lilikuwa dogo kuliko kucha ya kidole changu kidogo. Mmoja akalisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akalifunika kwa mpira, akazungusha klampu akakaza nati moja huku moja kule taratibu, hakuwa na haraka kabisa. Kabla ya kuondoka wakafungulia bomba la mwisho wa laini wakaacha maji yakimbie, kwanza yakatoka ya kahawia, halafu kama chai ya maziwa, halafu meupe. Wakatuambia tuendelee kuchemsha mpaka yatokote kabisa kwa siku kadhaa. Watoto walishapelekwa kliniki, walipewa ile chumvi ya kuchanganya na maji na vidonge vya zinki, wote wamepona namshukuru Mungu.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria yule mama na milango yake. Mnajua ile habari ya kipindupindu London mwaka 1854? Soho, mtaa wa Broad Street, zaidi ya watu 500 walikufa ndani ya siku kumi. Daktari John Snow ndo anakumbukwa, aliwashawishi viongozi wakatoa mpini wa pampu ya maji tarehe 8 Septemba. Ila kulikuwa na mtu mwingine, kasisi kijana anaitwa Henry Whitehead, kazi yake ilikuwa kutembelea watu wa eneo lile majumbani, na mwanzoni hakumwamini Snow kabisa kwamba ugonjwa unatoka kwenye maji ya ile pampu. Akaamua kuzunguka mwenyewe, nyumba ileile anarudi hata mara tano, anauliza nani alikunywa wapi. Ni yeye aliyekuja kugundua ilipoanzia, mtoto mchanga wa nyumba namba 40 aliyeharisha, mama yake akafua nepi na kumwaga maji kwenye shimo la uchafu mbele ya nyumba, na lile shimo lilikuwa chini ya mita moja kutoka kwenye kisima cha ile pampu na matofali yake yameoza. Snow alikuwa na elimu lakini Whitehead alikuwa na hodi, watu walimfungulia mlango kwa sababu wanamjua. Mi naona ofisi yoyote hata iwe na kompyuta nzuri vipi haina mtu wa namna hiyo, anapatikana mtaani tu.

Na sio maji peke yake. Julai 1995 joto kali lilipiga Chicago na inakadiriwa watu 739 walikufa, wengi wazee wanaokaa peke yao. Waliochunguza baadae walikuta mitaa miwili inapakana, North Lawndale na South Lawndale, yote ya watu wa kipato cha chini na wazee wapweke wako kote, ila kwa idadi ya watu North ulikuwa na vifo kama mara kumi ya South. South, ule uliopona, barabara zake zilikuwa na watu, maduka wazi, mzee ana mahali pa kutoka kwenda kukaa. Kule kwingine majengo yamehamwa, wazee wanaogopa kutoka, wamejifungia ndani na joto lao. Nilipoisoma nikahesabu wazee wanaokaa peke yao kwenye jengo letu, nikapata wanne, na wawili kati yao sikuwa najua hata majina.

Sasa hivi grupu letu la WhatsApp, ambalo lilikuwa la salamu za asubuhi na matangazo ya biashara, lina utaratibu mmoja. Ukiona kitu kimeharibika unapiga simu kwanza, halafu unaweka namba ya taarifa kwenye grupu. Kama hakuna namba basi hakuna aliyepiga, usidhani. Na mama wa ghorofa ya chini kagawa wale wazee wanne, kila mmoja ana mtu wake wa kumgongea asubuhi. Mimi nina bibi mmoja ghorofa ya tatu, juzi kanishika mkono kwa muda mrefu mlangoni tukiongea habari za magoti yake tu.

Kilichobaki ni shimo. Ofisi ya maji ilichimba ikaziba bomba ikarudishia udongo, ila kurudishia lami ni kazi ya watu wa barabara, ofisi nyingine kabisa, na udongo umeshaanza kutitia, pikipiki moja nusura ianguke Ijumaa. Vijana wamechomeka kijiti na kitambaa chekundu. Namba ya taarifa tunayo, imeshapigiwa mara mbili, na kesho asubuhi ni zamu yangu.