Usiku Tuliomuuguza Simba

Mwaka niliokuwa nyumbani Moshi nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, jirani yetu alifanya sherehe ya Kipaimara ya binti yake, na mabaki ya ndafu yakaachwa kwenye beseni nyuma ya jiko lao. Nyama ilikuwa imekwisha. Mbwa wetu Simba, ambaye alikuwa amekwisha kuupita ujana, alikuta ngozi na mafuta, akavimaliza. Usiku alianza kutapika, kisha akaharisha majimaji.

Baba mdogo, aliyekuwa amelala kwetu, alishauri tumpe Panadol na maziwa ya kumtuliza tumbo. Alimpenda sana yule mbwa na alisema kwa nia njema, lakini nilimwomba, "Baba mdogo, naomba tumuulize kwanza daktari wa mifugo." Nashukuru kwamba alikubali, kwa sababu paracetamol huweza kuharibu ini la mbwa pamoja na damu yake, na maziwa huwazidishia kuharisha mbwa wazima wengi.

Daktari alipokea simu licha ya usiku kuwa mkubwa. Baada ya shikamoo aliniuliza kama kuna damu katika matapishi au kinyesi, na kama tumbo limevimba au limekuwa gumu. Kisha akaniambia, "Inua mdomo wake wa juu, mwanangu, ubonyeze ufizi kwa kidole, halafu uachie." Nilifanya hivyo kwa mwanga wa tochi: ufizi wa waridi uligeuka mweupe chini ya kidole changu, na weupe ule ukatoweka kabla ya sekunde mbili kwisha. Nilivuta pia ngozi ya shingoni, nayo ikarudi mahali pake mara moja. Daktari alisema kwamba mwili ulikuwa bado haujakaukiwa maji, na kwamba mbwa mzima mwenye hali kama hiyo anaweza kukaa bila chakula kwa saa 12, jambo ambalo hakuna anayepaswa kumfanyia mtoto wa mbwa.

Kumnyima chakula kulikuwa rahisi. Maji ndiyo yaliyotutesa, kwa kuwa Simba alikuwa na kiu kali na kila alipopata nafasi ya kunywa kwa pupa aliyatapika yote, hata ikatubidi tuliondoe bakuli lake na kumpa vijiko vichache tu, tusubiri, kisha tumpe tena. Mama alishika zamu ya alfajiri, akiwa amejifunga khanga mbili kwa baridi, na kila alipomnywesha alimwambia, "Pole baba, taratibu." Tulikuwa tumeagizwa kumpeleka haraka iwapo angetoa damu, angelegea au angeendelea kutapika hata maji, maana mafuta mengi huweza kuvimbisha kongosho, tezi inayosaidia kumeng'enya chakula, na mifupa iliyopikwa huweza kutoboa utumbo.

Mchana kutapika kulikoma. Mama alichemsha wali ukawa laini kabisa, akauchanganya na kifua cha kuku kisicho na ngozi, bila chumvi, bila mafuta na bila kitunguu, ambacho ni sumu kwa mbwa. Tulimpa kiasi cha kiganja, na alipokihimili tukampa kingine jioni. Kinyesi kilipoanza kushikamana tulirudisha ugali na dagaa wake kidogo kidogo, tukipunguza wali siku hadi siku, na jirani, aliyekuja mwenyewe kumpa Mama pole, akaanza kuyafukia mabaki ya karamu zake.