Kiatu cha Kushoto cha Baba

Wiki ya tatu sasa niko Tororo, mashariki mwa Uganda. Miaka 16 nilikuwa Marekani, jimbo la Illinois, nikilea wazee usiku na kulala mchana. Mwamba wetu uko palepale, reli iko palepale, malori ya kwenda Malaba, mpakani na Kenya, yameongezeka mpaka kuvuka barabara ni kazi. Baba hayupo. Alizikwa nikiwa mbali, nikasikiliza dua kwenye simu. Kwa hiyo siku ya kwanza sikuomba chakula wala maji. Niliomba ufunguo wa sanduku lake la bati.

Nilikuwa nikitafuta kiatu.

Sisi watoto wa ile nyumba tulikijua wote. Buti moja la ngozi, la mguu wa kushoto, chini yake limepigwa bamba la chuma lililopindwa kwenye kidole na kisigino. La kulia halikuwepo. Mama alikitumia kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Tukiuliza ni cha nini, Baba alisema, "Cha kazi," akaendelea kunywa chai. Alikuwa makanika, mikono yake ilinuka oili hata siku ya Idi, na kwetu jibu lile lilitosha.

Jibu lenyewe nilikuja kulipata Springfield. Mwenzangu wa kazini alinichukua mwishoni mwa juma la sikukuu yao ya wafanyakazi, mwezi wa Septemba, twende kuona pikipiki kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo ya jimbo. Uwanja wenyewe ni wa udongo, duara refu la maili moja, yaani kama kilomita 1.6. Ulijengwa kwa ajili ya farasi. Pikipiki zilikuja baadaye, na kati ya mwaka 1946 na 1953 aliyeshinda mbio za maili hiyo ndiye aliyevaa namba moja, ya bingwa wa Marekani nzima. Mimi sikuwa najua lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimechoka na zamu, nimekaa nikila mahindi ya kuchemsha, ndipo waendeshaji wakapita mbele yetu kwenda kupanga mstari. Kila mmoja alikuwa akichechemea kidogo, na kila hatua ya pili ilitoa mlio: kng, kng, kng. Nikatazama chini. Mguu wa kushoto, kila mmoja wao, una soli ya chuma.

Mahindi yaliniponyoka.

Mwenzangu alinieleza. Pikipiki ya uwanja wa udongo huzunguka kwa kupinda kushoto tu. Mtu hafiki kwenye kona akapunguza mwendo kama barabarani. Anaitupa tairi ya nyuma iteleze kwa nje, anageuza usukani upande wa kulia ilhali anakwenda kushoto, na mguu wa kushoto anaushusha ardhini uburuzike kama mguu wa tatu wa kiti. Kiatu cha kawaida kingekwisha kwa mizunguko miwili, na udongo ungemng'ang'ania mguu ukamvunja goti. Chuma huteleza. Zamani pikipiki hizo hazikuwa na breki kabisa. Wamarekani waliruhusu breki ya nyuma mwaka 1969, na ya mbele mpaka leo hawaitaki. Kwenye sehemu iliyonyooka zinavuka kilomita 200 kwa saa.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikampigia Mama. Akasema, "Mimi niliolewa nikakikuta. Mwulize ami yako, kama bado anakumbuka."

Ami ni rafiki wa Baba, si ndugu wa damu, ila mtaani kwetu tofauti hiyo haina maana. Alifanya kazi reli, mkono wake mmoja umekufa ganzi, macho yamefifia, na akili ni nzima kuliko yangu. Nilimkuta barazani akisikiliza redio. "Salaam aleikum, ami." Akaitika, akanishika mkono muda mrefu, akaniuliza habari za safari na za msiba kana kwamba msiba ni wangu peke yangu na si wake pia. Halafu nikatoa kiatu kwenye mfuko.

Hakusema kitu. Alipitisha kidole kwenye chuma kutoka kidoleni mpaka kisigino. "Bampa," akasema. "Hili ni bampa la Bedford."

Ninayoandika sasa ndiyo aliyonisimulia kwa siku nne. Ninayaandika kwa sababu hayamo popote. Watu wakizungumzia mbio za magari za Uganda huanzia kwenye rali, na ni haki yao, rali ina mambo makubwa. Charles Muhangi wetu alichukua ubingwa wa rali wa Afrika mwaka 1999. Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari, ile rali kubwa ya Afrika Mashariki, mara tano, alizaliwa Uganda. Lakini kabla ya hapo, na chini ya hapo, kulikuwa na vijana wa gereji waliokuwa na pikipiki moja kwa watu sita.

Ami hahesabu miaka kwa namba. "Ulikuwa mwaka ule Joginder aliposhinda na Volvo." Huo ni 1965. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walichukua Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine, na kila Singasinga aliyeshika spana kati ya Mombasa na Kampala alitembea kifua mbele mwezi mzima. Tororo alikuwepo fundi mmoja wa Kisingasinga, mwajiri wa Baba. Alinunua soda kwa gereji nzima. Magari ya Safari yalipitia Tororo wakati wa Pasaka, katikati ya masika, na vijana walilala kando ya barabara kuyasubiri. Ami anasema walijua gari linakuja kabla ya kuliona, kwa sauti, na likishapita walibaki na tope usoni ambalo hawakutaka kulifuta. Tope lile si la kuchezea. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 vilevile.

Kuna simulizi maarufu ya jinsi Safari ilivyozaliwa. Eric Cecil alimwomba binamu yake Neil Vincent ashiriki mbio za kuzunguka Langa Langa, karibu na Gilgil nchini Kenya, kwenye barabara iliyozunguka kambi ya zamani ya jeshi. Vincent akakataa: kuzunguka na kuzunguka mahali pamoja kulimchosha roho. Alitaka kutoka mlangoni kwake, avuke nusu ya Afrika, na atakayerudi wa kwanza awe mshindi. Likapatikana wazo, na mwaka 1953 likafanyika kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Nilipomsomea Ami habari hii alicheka kwa upole. "Huyo alikuwa na gari," akasema. "Sisi tulikuwa na petroli ya chupa moja. Ukienda mbali nayo hurudi. Ndiyo maana tulizunguka."

Mahali penyewe ni nyuma ya matanuri ya matofali, upande wa pili wa reli. Palikuwa pameshachimbwa udongo, pakabaki bonde lenye kingo, kama bakuli. Watu walikaa kingoni wakatazama chini bila mtu kujenga jukwaa. Nimegundua kwamba viwanja vya vumbi karibu vyote huzaliwa hivi, kwa kuazima. Mbio za kwanza za magari kwenye uwanja wa mviringo Marekani zilifanyika mwaka 1896 huko Rhode Island, kwenye uwanja wa farasi wa maonyesho, gari la umeme likayashinda ya petroli. Pikipiki za vumbi nazo wengi huzianzisha West Maitland, Australia, mwaka 1923, tena kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo; mwaka 1928 zikawa zimefika Uingereza. Kote huko farasi walitangulia. Kwetu yalitangulia matofali.

Na yule fundi ndiye aliyewaletea habari ya kiatu. Aliwahi kuona picha gazetini. Akakata bampa la lori lililokufa, akalipasha moto, akalipinda juu ya mguu wa mbao, akalifunga kwa mikanda. Kilitengenezwa kimoja tu. Kila mpanda pikipiki alikivaa kwa zamu yake, mwenye mguu mdogo alijaza matambara. Ndiyo maana hakikuwa na mwenzake, na ndiyo maana, nadhani, Baba hakusema ni chake. Kilikuwa cha wote, naye alikuwa mtunzaji.

Nilimwuliza Ami nani alishinda mara nyingi. Akatikisa mkono, hilo halikumvutia. Alitaka kunieleza udongo.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu yeye alikaa hapa siku mbili nzima. Maram yetu ile nyekundu, anasema, ni nzuri kwa barabara na mbaya kwa kona. Ikikauka hufumuka, changarawe zinakuwa kama gololi chini ya tairi, na vumbi linamziba macho anayefuata. Ikilowa inakuwa sabuni. Wiki za mwanzo watu walianguka kama maembe. Waliomwagia oili chafu ya gereji walifaulu kuua vumbi, lakini chini kidogo kilikuwepo kisima cha akina mama, na Ami anasimulia kwa uchungu jinsi maji yalivyoanza kung'aa rangi na mama mmoja akaja na ndoo yake, akaiweka katikati ya uwanja, asiondoke. Walikoma siku hiyo. Nimefurahi kwamba walikoma. Nimefurahi zaidi kwamba mama yule yumo kwenye historia hii.

Aliyewapa dawa alikuwa bibi yake Ami mwenyewe. Aliwauliza, sakafu ya nyumba yangu nimeifanya na nini? Na kweli, kila aliyekulia huku anajua: udongo wa kichuguu. Mchwa huupandisha kutoka chini, laini, bila mawe, ukilowa unashikana na ukikauka unakuwa kama saruji. Wazungu walifanyia viwanja vyao vya tenisi. Vijana wakavunja vichuguu, wakabeba kwa baiskeli, zile za watu wa mpakani waliosafirisha abiria "boda, boda" na kuja kuipa jina biashara inayotuzunguka leo. Wakautandaza kwenye kona mbili, wakaumwagia maji kwa madebe jioni ya Jumamosi, na asubuhi wakaupita polepole kwa tairi, mtu mmojammoja, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ukakaza.

Niliposikia hivyo nywele zilinisimama. Springfield niliona jambo hilohilo: lori la maji likipita, kisha magari yakizunguka taratibu kuushindilia udongo, na mzee mmoja akichutama kuubonyeza kwa kidole gumba kama mwanamke anayepima unga wa chapati. Hakuna aliyemwambia bibi wa Tororo habari za Illinois.

Mbio zilidumu miaka michache. Mwaka 1972 Waasia walipoamriwa kuondoka nchini ndani ya siku 90, fundi aliondoka na sanduku moja la nguo. Vyombo vyake alimwachia Baba, na kiatu ndani yake. Petroli ikawa shida, kukusanyika kukawa hofu. Safari nayo ikabaki Kenya, na mwaka 1974 jina la Afrika Mashariki likaondolewa. Ami aliipitia miaka hiyo kwa sentensi tatu, nami sikumlazimisha.

Siku ya nne tulikwenda. Nilikodi boda, yeye akakaa katikati, mimi nyuma nikimshikilia. Sasa ni maegesho ya malori yanayosubiri mpaka. Bakuli limefukiwa karibu lote. Kuna mama anauza chai na mandazi, kuna watoto, kuna matope mazito ya mvua ya usiku uliotangulia, na malori mawili yamezama hadi ekseli, madereva wanalalamika kwa Kiswahili cha Mombasa na cha Bungoma. Nilihuzunika. Nilikuwa nimejiandalia kuona angalau umbo la kitu.

Ami hakuhuzunika. Alitembea na fimbo akigonga, hatua moja, mbili, anasikiliza, anasogea kushoto. Fimbo ilikuwa inazama. Karibu na banda la chai ikaacha kuzama. Akagonga tena. Tok. Lori la tangi lilikuwa limeegeshwa hapo, tairi zake zote juu, kavu, na mwenye chai akatuambia kuwa madereva hugombea kipande hicho, hapajulikani kwa nini hapaloi.

"Kona ya pili," Ami akasema.

Akanyoosha mkono ule mzima. Nikampa kiatu. Alichutama, nikamshika bega, akakiweka chuma chini na kukiburuza juu ya udongo ule, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa upinde. Kilitoa sauti ndefu, nyembamba. Dereva wa tangi alitoa kichwa dirishani.

"Umesikia?" Ami aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Akakirudisha mwanzo, akaburuza tena, mara hii taratibu zaidi.