Haambiliki, Hasemezeki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome 1 Samweli 25, na tunaposoma tuwaze ofisini, wodini, dukani, popote tunapotafutia riziki.

Nabali alikuwa tajiri, mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Wakati wa kukata manyoya ya kondoo zake huko Karmeli, Daudi alituma vijana 10 waombe chochote kilichopo, kwa kuwa watu wake walikuwa wamewalinda wachungaji wa Nabali nyikani. Nabali akawatukana. Daudi akajifunga upanga, akaondoka na watu kama 400.

Sasa kuna mtumishi mmoja wa Nabali, Biblia haimtaji jina. Anaiona hatari inakuja, lakini haendi kwa bwana wake. Anakwenda kwa Abigaili, mke wa Nabali, na katika mstari wa 17 anasema wazi kwamba bwana wao ni mtu ambaye hakuna awezaye kusema naye. Haambiliki, hasemezeki. Uchoyo na ulevi wa Nabali tunauhubiri sana. Hili tunalipita, na ndilo lililokaribia kuimaliza nyumba yake. Upanga uko njiani, watumishi wanajua, mwenye nyumba hana habari.

Makazini kwetu mambo haya yapo. Asubuhi watu wanamnong'oneza katibu muhtasi, "Bosi ameamkaje leo?" Kijana wa uhasibu ameona ankara imelipwa mara mbili. Anafika mlangoni na karatasi mkononi, shikamoo yake inaitikiwa bila macho kuinuliwa kutoka kwenye kompyuta. "Nitarudi baadaye, mkuu." Harudi. Tena si mabosi peke yao. Hata sisi wa meza za kawaida, wenye Biblia kwenye droo, jirani anaweza kutuogopa. Wengine tunauita ukimya wetu utakatifu, tunasema tunajitenga na umbea. Umbea tuukimbie, ndiyo, ila mwenzako asikimbiwe pamoja nao.

Mtazameni Abigaili. Anaelezwa ubaya wa mume wake mwenyewe, na mwenye kueleza ni mtumishi, lakini hamkemei. Anasikiliza, kisha anafanya haraka: mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kutengenezwa, anatoka kwenda kumlaki Daudi. Naamini kijana yule hakuanza kumwamini siku hiyo. Alikwisha kumjua kwa mambo madogo, kwamba ukimweleza mama huyu hutajuta.

Basi nasi tuanze na madogo. Mtu akisimama mezani pako, weka simu chini, mtazame, mwitikie salamu hadi mwisho. Chai ya saa nne usiinywe peke yako kila siku. Na akikuletea habari mbaya, neno la kwanza liwe "asante kwa kuniambia", "nani kafanya?" itafuata baadaye. Hili ni gumu kuliko yote, maana hasira hupenda kutangulia. Yakobo 1:19 inatutaka tuwe wepesi wa kusikia, si wepesi wa kusema wala wa kukasirika.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyesimama katikati ya msongamano kumsikiliza mwanamke aliyekugusa vazi, uliyewapokea watoto wanafunzi walipowazuia, zilainishe nyuso zetu. Utukumbushe mwenzetu aliyeacha kuja mezani petu, utupe unyenyekevu wa kumwendea sisi kwanza, kesho asubuhi kabla kazi hazijapamba moto. Amina.