Nilivyofanikiwa kumshika bakteria anayevunja penisilini

Jamani hii kazi imenitesa karibu mwezi, acha niwasimulie. Nilitaka nione kwa macho yangu jinsi Bacteroides fragilis, wale bakteria wasiotaka hewa wanaoishi utumboni, wanavyotoa beta-laktamasi, yani kile kimeng'enya kinachokata pete ya penisilini dawa ikawa haina kazi tena. Kipimo chenyewe chepesi, unachota koloni, yani kirundo cha bakteria walioota pamoja, unapaka kwenye kidisk cha nitrosefini, kemikali inayobadilika rangi ikikatwa na kimeng'enya hicho, kikitoka njano kikawa chekundu basi kimeng'enya kipo.

Sasa bakteria mwenyewe haoti! Wiki ya kwanza sahani tupu, ya pili tupu, nikailaumu midia, yani chakula cha kuoteshea bakteria, nikapika nyingine, nikaweka damu na hemini na vitamini K, wapi. Siku hiyo nikakiangalia vizuri kile kikaratasi cha kuonyesha oksijeni ndani ya mtungi usioingiza hewa ninamoweka sahani, kinatakiwa kiwe cheupe kabisa, kumbe pembeni kina ubluu kwa mbali. Nikapitisha kidole kwenye mpira wa mfuniko, nikagusa ufa mwembamba kama unywele. Nikabadilisha mpira, nikaacha saa 48 kwenye nyuzi 37 bila kuchungulia (mwanzo nilikuwa nafungua kesho yake tu, kosa kubwa hilo), kuja kufungua harufu kali hiyo, na koloni za kijivu zinang'aa zimejaa sahani nzima. Nilifurahi mno.

Kidisk kikawa chekundu ndani ya dakika chache, cha pembeni nilichopaka maji matupu kikabaki njano. Hicho cha maji usikiruke kabisa, maana disk zilizotunzwa vibaya hujibadilisha rangi zenyewe.

Nikaendelea na dawa zenyewe. Amoksisilini, ndugu wa penisilini, peke yake bakteria akaota mpaka ukingoni mwa disk, ila yenye klavulanati, dawa inayozuia kile kimeng'enya, ikaacha duara safi lisilo na bakteria, kwa hiyo huyu wangu ni wa kawaida, mwenye jeni ya cepA inayotengeneza kimeng'enya hicho. Wa kuogopwa ni mwenye jeni nyingine, cfiA, kimeng'enya chake kinatumia zinki, klavulanati hakiisikii na meropenemu, antibiotiki yenye nguvu zaidi, kinaivunja pia, mpaka uweke kemikali ya EDTA ikamate ile zinki ndo kinatulia.

Na kwenye jipu la tumbo huwa hayuko peke yake, majirani zake ambao penisilini ingewaua wanapona kwa sababu yeye ameshaimaliza dawa, ndo maana nawasihi wenzangu wa maabara tusiishie kuotesha wale wa hewa tu.