Baiskeli Imenyooka

Maumivu yalinianza upande wa nje wa goti la kushoto, kila mara ilipotimia dakika ya 40 hivi barabarani. Mwanzoni ni kama mtu anakudonoadonoa na ncha ya kalamu. Kufika wiki ya tatu, ngazi za nyumbani nilikuwa nazishuka ubavu ubavu kama kaa.

Nikafanya kile afanyacho kila mwenye spana: nikaigeukia siti. Nilishaambiwa kwamba goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini mno, na likiuma nyuma, iko juu mno. Maumivu ya ubavuni hakuna aliyenielezea, basi nikabahatisha. Nikaishusha milimita 5. Kushoto kukapoa, ila kulia kukaanza kuuma mbele, chini ya pia ya goti. Nikaipandisha tena. Kulia kukatulia, kushoto kukarudi. Mwezi mzima nilikaza na kulegeza boliti ile ile, na kila nikimaliza najiona fundi.

Jioni moja nikiosha baiskeli, kitambaa kilipita juu ya siti nikasita. Upande wa kulia ngozi ilikuwa imechakaa, inang'aa, maandishi yote yamefutika. Upande wa kushoto ulikuwa kama umetoka dukani jana. Nikaitoa kaptura ya kuendeshea kwenye kapu la nguo chafu: sponji imebonyea kulia tu. Kumbe miaka yote nimekaa mshazari, mguu wa kushoto ukiifuata pedali kwa kujinyoosha.

Mtaalamu wa viungo niliyemwendea alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye vidole kama koleo. Alinilaza chali, akapima kwa futi ya kitambaa kutoka kwenye mfupa wa nyonga hadi kwenye kifundo, mara tatu kila mguu, kwa sababu futi hudanganya. Mguu wa kushoto ulipungua milimita 7 hivi. Juu ya hilo, nyonga ya kulia ilikuwa imekaza.

"Mama, sasa baiskeli nifanye nini?"

"Mwanangu, baiskeli imenyooka. Uliyepinda ni wewe." Akacheka, kisha akanipigia hesabu: mizunguko 90 kwa dakika ni 5,400 kwa saa, na kila mzunguko goti linavutwa pale pale.

Siti tukaipima kwa mguu mfupi. Chini ya kiatu cha kushoto, kati ya soli na kile kipande kinachonasa kwenye pedali, tukaweka kibao cha plastiki cha milimita 3. Nilitaka zote 7. Akakataa, akisema mwili ulishalizoea pengo hilo na ukiushtua utalipiza kwingine. Ilibidi nitafute skrubu ndefu zaidi, maana za zamani zilishika nyuzi mbili tu. Mazoezi ya kunyoosha nyonga nayo alinipa, yale ya kuchosha ambayo mtu huyaacha siku ya nne. Mimi niliyaacha siku ya sita, goti likanirudisha.

Safari ya kwanza ilikuwa ya ajabu, kama nimekanyaga kitu kisichobanduka. Dakika ya 40 ikafika, nikawa naendesha nimelisikilizia goti kama mtu anayesubiri hodi. Ya 50. Ya 60. Kilichouma ni tako la kushoto, ambalo nadhani lilikuwa linafanya kazi kwa mara ya kwanza.

Siti ile sikuibadilisha. Upande wa kushoto nao umeanza kung'aa.