Jinsi tulivyomtoa shemeji majini tukiwa na boti ya tanga ya kukodi

Nianze na kilichoniudhi. Kabla hatujakodi boti niliwauliza watu wawili watatu wenye uzoefu, mtu akianguka majini mnafanyaje, mmoja akanijibu kwa uhakika kabisa "anayejua kuogelea aruke amfuate". Jamani hapana! Ukiruka wanakuwa wawili majini, na boti imepungukiwa mtu wa kuvuta kamba. Mwingine akasema laifujaketi ni za watoto. Huyo hata sikumjibu.

Boti yenyewe futi 38, tuko wanne: mimi, mke wangu, mdogo wangu wa kiume, na kaka yake mke wangu, yani shemeji, mwanaume wa kilo 95 hivi. Jamaa wa kutukabidhi alitumia kama dakika 15, kizima moto kile pale, rafti, ile boti ya mpira ya kujiokolea, iko nyuma, laifujaketi chini ya kiti, haya saini. Nikamwambia sitoki gatini mpaka nimefungua kila kitu kwa mkono wangu. Alinuna ila akakaa. Na laifujaketi ya pili tu niliyofungua, ule mtungi mdogo wa gesi unaolijaza jaketi ulikuwa umelegea, nikauzungusha kwa vidole ukaingia mizunguko mitatu! Ukilivaa hivyo huoni tofauti yoyote, unakuja kugundua ukishakuwa majini na jaketi halijai. Kwa hiyo fungua zipu, kaza mtungi, angalia kama ni mzima haujatoboka, alafu ndo uvae. Nikaangalia pia kamba ya rafti kama imefungwa kwenye boti, maana ukiitupa bila kufunga inaondoka na upepo na nyinyi mnabaki mnaitazama.

Jioni tukatia nanga, bahari shwari kabisa, nikasema leo tunajifunza kumtoa mtu. Shemeji akajitolea. Tukampa jaketi la sponji la akiba maana yale ya gesi yakilowa yanajijaza yenyewe na mtungi unakuwa umeisha. Akaruka bila kufunga mkanda wa katikati ya mapaja, anasema unambana. Alipotua tu, jaketi likapanda mpaka masikioni, uso umezama ndani, anashikilia jaketi kwa mikono miwili lisimtoke. Sikuhitaji kumhubiria tena.

Kupanda kwa ngazi ya nyuma akapanda vizuri, wenzangu wakadhani tumemaliza. Nikamwambia rudi, sasa jifanye umechoka, usitusaidie hata kidogo. Hapo ndo tukajua! Watu wazima watatu tunavuta mikono, nguo zimejaa maji, ubavu wa boti una urefu wa zaidi ya mita, hatoki. Tukasema sawa, tutumie ile henza ya akiba, kamba ya kupandishia tanga. Mdogo wangu akaifungua, akaiachia sekunde mbili aniangalie, upepo ukaichukua, ncha ikapanda juu mlingotini tukabaki tumeinua vichwa. Tulihangaika nayo kama nusu saa na fimbo ya ndoano iliyofungwa kwenye fimbo ya deki. Tulipoipata nikafunga kamba nyembamba ya mita kadhaa kwenye ncha yake, ili hata ikipanda tunaivuta irudi. Nauona huu ndo ujanja bora wa safari nzima na sijawahi kuusikia kwa mtu. Alafu tukazungushia henza kwenye winchi, kile kigurudumu cha kuvutia kamba, shemeji ana kitanzi kimoja chini ya kwapa na kingine chini ya magoti, mke wangu peke yake akamnyanyua kaka yake kilo 95 mpaka juu ya deki. Alishangilia mpaka watu wa boti ya jirani wakatoka kuangalia.

Siku ya pili mchana upepo ukakaza, kama noti 20, yani kilomita 37 hivi kwa saa. Kamba ya tanga la mbele ikanasa, shemeji akaenda omo, mbele ya boti, kuinasua kabla sijamwambia ajifunge kamba ya usalama, wimbi likatupiga ubavuni, nikasikia kishindo tu. Jaketi likajaa lenyewe, na mkanda alikuwa ameufunga.

Mdogo wangu akanyoosha kidole kumwelekea na hakukishusha hata mara moja, hiyo ndo ilikuwa kazi yake tu, maana kichwa cha mtu kwenye mawimbi ukigeuka kidogo umekipoteza. Mimi nikatupa boya, mke wangu akabonyeza kitufe cha MOB (mtu kaanguka majini) kwenye GPS ili ihifadhi pale alipoangukia, akashuka kwenye redio, akafunua kile kifuniko chekundu akashikilia kitufe cha dharura mpaka kikalia, kisha akaita Mayday, mwito wa kuomba msaada, mara tatu kwenye chaneli 16, ile ya dharura, jina la boti, tulipo, mtu mmoja yuko majini. Wapo wanaoona aibu kuita. Mtu akiwa majini ita, mambo yakiisha unaita tena kuwaambia yameisha, na sisi tulifanya hivyo.

Tanga la mbele tukalikunja. Nikataka kutia gia nikakumbuka kamba! Kweli, kamba ya tanga ilikuwa inaelea nyuma, ingejizungusha kwenye propela tungekwama hapohapo. Tukaivuta yote kwanza. Nikamsogelea polepole, yeye akiwa upande upepo unakoelekea ili boti isukumwe kumfuata, nikatoa gia kabisa alipofika ubavuni.

Ngazi haikufaa hata kidogo, nyuma ya boti ilikuwa inapanda na kushuka kwa nguvu, ingempiga kichwani. Tukaenda moja kwa moja kwenye henza, ndoano yake tukaitia kwenye kitanzi cha kunyanyulia kilichopo kwenye jaketi, na winchi ikafanya kazi. Alikaa majini kama dakika 12, hakuwa na nguvu hata ya kufunga ngumi.

Tukamlaza, tukamvua nguo mbichi, mablanketi, na usiku kucha tulimwangalia anavyopumua kwa sababu maji yaliyoingia kifuani yanaweza kuleta shida baadaye. Asubuhi tukampeleka kwa daktari, akakutwa mzima.

Kwenye dipoziti walikata hela ya mtungi mpya wa gesi, sio nyingi, nililipa bila kubishana. Siku iliyofuata tunatoka tena shemeji alikuwa wa kwanza kwenye deki, amevaa jaketi la akiba, akanishika kiunoni akanivuta mkanda. "Shem, wa kwako haujafungwa."